Kosa ni la Kibao, Si la Moto Wako

Sultan Hamud,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mama yangu, kijijini Nuu.

Kalekye mdogo wangu, kabla hujaanza kusoma, mwambie Mama aache kupepeta, akae chini. Soma polepole, usiruke mahali, hata pale utaona ninajisema vibaya. Pale ndipo usome kwa sauti.

Mwaitu, mama yangu, ninakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tuko wazima ukitoa uchovu, na uchovu mimi siuhesabu kuwa ugonjwa. Mjukuu wako Mueni ameota meno manne na anatafuna kila kitu mkono wake unafikia, utasikia hapa mbele. Baba yake bado yuko na genge la wafanyakazi wa reli upande wa Kibwezi. Anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili kama mtu aliyepigwa, kisha anaenda. Wewe goti lako linaendeleaje? Ndengu zilishika, ama jua limezimaliza zikiwa maua? Na yule mbuzi mwekundu aliyevimba kiwele, alipona? Ninauliza haya nikijua labda hutaki kuongea na mimi, lakini nitakosaje kuuliza.

Sasa wacha nianze na lile kubwa. Nyama yako haikuwa na makosa.

Ile barua niliyokuandikia mwezi uliopita, nikasema nyama imefika ikiwa chungu, nikasema pengine macho yamekuchoka na unachoma kuni usizozijua, nilikosea kuiandika. Nilisema jambo ambalo sijachunguza, na nililisema kwa mama yangu kama mtu anayegombana sokoni. Nisamehe. Majibu yako niliyapata. Mwandiko ni wa Kalekye lakini maneno ni yako, ningeyajua hata yakiandikwa na karani wa chifu. "Kama moto wangu umezeeka, tafuta mwenye moto mpya. Na mtoto umlete huku, sitaki akue akila nyama chungu." Niliyasoma nikiwa nimesimama kwa meza. Ilikuwa mistari miwili tu, na ilinitosha wiki nzima.

Lakini ukweli wote hujausikia, na mimi mwenyewe sikuujua mpaka juzijuzi hapa. Wewe hujafika huku, kwa hivyo nikueleze vizuri.

Mwenye hoteli anaitwa Mama Zaituni. Watu wake ni wa pwani, walikuja na kazi ya reli wakabaki. Alinipa meza pale mlangoni kwake akaniwekea masharti mawili, kwamba nyama iwe imechinjwa na Mwislamu ili wageni wake wote wale, na nisimletee aibu. Lile la kwanza umenisaidia nalo tangu mwanzo, vile unampelekea Mzee Juma mbuzi achinje hapo sokoni kabla hujatundika nyama kwa moshi. Kazi yangu ni kupasha ule mkanda wa nyama juu ya makaa, kuukata vipande vyembamba, kutia chumvi na pilipili, na kumfungia mtu kwa karatasi. Basi likisimama, watu wanashuka wakiuliza, "Iko wapi ile nyama ya moshi ya Nuu?" Hawasemi ya Mwende. Wanasema ya Nuu. Mimi nilikuwa ninafurahi sana nikisikia hivyo.

Hapo mwanzo nilikuwa ninakatia juu ya kibao cha chapati cha Mama Zaituni. Lakini nyama kavu si nyanya, unasukuma kisu na bega. Siku moja kibao kikapasuka katikati, tah! Mama Zaituni akatoka na unga mikononi. "Mwende! Hicho kilikuwa cha mamangu!" Nikajua lazima nitafute changu.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kanisani kwetu kuna ndugu anaitwa Musyoki, mchongaji wa kutoka Wamunyu. Anachonga twiga na swara za kuuzia watalii wanaosimama barabarani. Nikamwambia, "Ndugu, nitengenezee kibao cha kukatia nyama. Lakini kiwe cha kuvutia, mtu akione akiwa bado ndani ya basi." Baada ya siku nne akakileta kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Mwaitu, kilikuwa kizuri! Cheusi ti, kinang'aa mpaka unajiona, kando kando twiga wamefuatana, na mahali pa kushika ni kichwa cha swara.

"Ni mti gani?" nikauliza.

"Mpingo huo. Utakatia mpaka umwachie mjukuu. Jambo moja tu, dada, usikioshe na maji. Mpingo hautaki maji. Pangusa na kitambaa."

Na mimi nikakubali! Mtu wa Ukambani mzima, nikauziwa mti kama mtalii.

Siku ya kwanza watu walikisifu kuliko nyama yenyewe. Siku ya tatu dereva mmoja wa lori akatema kipande chini. "Mama, hii umekausha kwa moshi ama kwa tairi?" Wenzake wakacheka. Kuna mzee hapa aliyekuwa askari zamani, huwa anakunywa chai hapo hotelini kila asubuhi. Naye akatafuna, akasimamisha taya, akaangalia juu. "Hii ladha mimi naijua," akasema. "Lakini sikumbuki ni ya wapi." Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Kutoka siku hiyo watu wakawa wananusa kwanza, halafu wanasema wameshiba.

Mama Zaituni akaniita jikoni. "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini wageni wanatema mlangoni kwangu. Nitavumilia kidogo. Hali ikiendelea hivi, meza nampa Mama Kioko auze mayai."

Nilionja kipande kimoja, kikawa kichungu, nikasema basi ni Mama. Sikuonja mara ya pili. Sikuonja nyama kabla ya kuikata, jambo ambalo hata Kalekye angelifikiria. Mueni alikuwa anaota meno, nilikuwa sijalala vizuri siku nyingi, na mtu akichoka analaumu yule anajua hatamtupa. Ndiyo nikaandika ile barua.

Sasa sikiliza vile Mungu alinifungua macho. Ilikuwa mchana, hakuna basi. Kibao nilikuwa nimekiegemeza kwa mguu wa meza, mimi nimeinama ninachochea makaa. Nikasikia kimya. Wewe umelea watoto sita, unajua kimya cha mtoto. Nikageuka. Mueni ameketi chini ameshika kile kibao na mikono yote miwili, kichwa cha swara kiko mdomoni, anakitafuna na yale meno manne. Midomo myeusi. Ufizi mweusi. Mate meusi yameshuka mpaka kwa gauni lile ulimshonea.

Aiya! Nilipiga kelele mpaka wa bucha wakatoka nje. Mama Zaituni alikuja mbio, akamfuta mtoto mdomo na leso yake, akanusa leso.

"Mwende. Hii ni rangi ya viatu."

Tukamsuuza, nikambeba mbio mpaka zahanati. Nesi akamwangalia mdomo na tumbo, akasema alikomba kidogo tu, nimpe maziwa na nimwangalie, akitapika nimrudishe. Hakutapika. Alirudi akitafuta kijiko cha kutafuna. Mwaitu, usitetemeke unaposikia haya, sasa ni mzima kabisa na hivi ninaandika anavuta karatasi.

Nilirudi nikachemsha maji, nikakisugua kibao na majivu. Maji yalitoka kama ya kuoshea sufuria ya kuni, na mti ukabaki mweupe kama ndani ya muhogo. Twiga wakabaki uchi. Nikakiweka kwapani, mtoto mgongoni, nikaenda kwa Musyoki pale anapochongea.

"Ndugu Musyoki, mpingo wako umeogopa maji."

Akakiona, akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Dada, mpingo wa kweli siku hizi utautoa wapi? Sisi wote tunapaka. Mtalii anapeleka kwao anaweka ukutani."

"Mimi ni ukuta?"

"Uliniambia kiwe cha kuvutia!"

"Nilikuambia cha kukatia nyama."

"Nilijua ni cha maonyesho. Dada, nikuulize na wewe uniambie ukweli. Nani anakata nyama juu ya twiga?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyapanga njia nzima, lakini hilo lilinikata. Kwa sababu ni kweli alinidanganya mti, lakini ni kweli pia nilianza na uzuri. Sikumuuliza ni wa kazi gani, nilimuuliza utaonekana kutoka wapi. Aliniomba msamaha alipoona gauni la mtoto, akataka kunichongea kingine bure. Nikamwambia, "Chonga swara zako. Mti wangu nitachagua mwenyewe." Nimemsamehe, na leo alitusalimu kanisani. Alimsalimu mtoto kwanza.

Kuchagua, basi. Mzee Salim wa bucha, ambaye gogo lake la kukatia limekuwa na shimo katikati kama kitanda cha mzee, ndiye alinipa akili. Nilimuuliza kibao kizuri kinakaaje. Akasema, "Umeshachagua na macho, umeona. Sasa funga macho. Nenda na pua, na ulimi, na kipande cha nyama mfukoni."

Nikaenda kwa seremala, fundi Kilonzo, mahali anarundika vipande vilivyobaki. Nikaanza kunusa kimoja kimoja na kulamba. Aliacha msumeno akaita watu. "Kujeni muone! Bibi ya mtu wa reli amekuja kula mbao zangu!"

"Fundi, usijali, nitakubakishia mlango."

Cha kwanza kilikuwa cha saiprasi. Kisu kikazama, nyuzi zikainuka, na ile harufu ya utomvu ikapanda mpaka machoni. Nikaweka chini. Cha pili kilikuwa cha muhugu, na hapo, Mwaitu, karibu nikosee tena. Unanukia! Ni kama kabati la nguo za bibi ya mwalimu. Nilikishika muda mrefu nikijiambia hii si rangi, hii ni harufu yake ya kuzaliwa, ni tamu. Lakini nilikuwa na kile kipande cha nyama. Nikakisugua juu ya muhugu, nikakaa nikimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, halafu nikakionja. Nyama imekuwa kabati. Nikaurudisha.

Chini kabisa kulikuwa na kipande kilichobaki kwa fremu ya mlango, kimekaa hapo miaka mpaka buibui wamejenga. Rangi yake ni kama chai ya maziwa. Nikakinusa, ninasikia vumbi tu. Nikakipangusa, nikalamba, hakina la kusema.

"Hiki ni mti gani?"

"Mukau," fundi akasema. "Kwani watu wa kwenu si ndio mnachonga mizinga na vinu?"

Nikasimama hapo kama mjinga. Mukau! Asali ya babu ilikaa ndani ya mukau msimu mzima ikatoka ikiwa asali. Mti ukiwa na tabia mbaya, asali ingesema. Na mimi nimezaliwa penye mti huo, nimeutwangia mahindi tangu nikiwa na nguvu ya kuinua mchi, halafu ninatafuta uzuri kwa twiga.

Nikakijaribu na kisu. Kinakubali kisu kikae kidogo, hakikiumi makali, na hakikimezi. Fundi akakigonga akasema hakina ufa wala jicho la tawi, mahali mafuta yanaweza kujificha yakaoza. Nikamwambia akiache unene wa vidole vitatu kisikimbie kwa meza nikisukuma, na urefu utoshe mkanda wako wa nyama kulala bila kuning'inia. Akapiga randa pande zote mbili. Kisha mkono ukamwenda wenyewe kwa kopo la vanishi.

"Fundi, weka hilo kopo chini."

"Kidogo tu, dada, ing'are."

"Weka chini."

"Itakuwa mbaya."

"Iwe mbaya. Mimi pia si mrembo na ninafanya kazi."

Akacheka mpaka akakohoa, akaweka chini.

Na bado sikuamini. Mtu akiumwa na nyoka hata kamba anaiogopa. Nilikimwagia maji moto ya chumvi ndani ya karai, kikalala humo mpaka asubuhi, halafu nikayanywa yale maji. Ndiyo, niliyanywa, nusu kikombe, kabla mtoto hajaamka. Yalikuwa maji ya chumvi, hayakuwa na kitu kingine. Nikakianika kivulini siku mbili kisijikunje.

Sasa hili ndilo nilitaka ulisikie. Ile nyama yako niliyoitukana, sikuitupa yote. Mkanda mmoja ulibaki umetundikwa kwa msumari, mkono ulikataa kuutupa hata wakati nilikuwa na hasira. Jana nikauteremsha, nikaupasha, nikauweka juu ya mukau. Kisu kilikuwa kinapita kimya. Vipande vilianguka vyembamba, vyeusi kando, vyekundu katikati, na mafuta yake yanang'aa kidogo. Nikatia kimoja mdomoni. Mwaitu, nilikuwa kwako. Nilikuwa jikoni kwako nimeketi kwa kile kiti kifupi, na moshi unaniuma macho, na wewe unaniambia niache kudokoa. Nikaweka kisu chini. Mama Zaituni akadhani nimejikata.

"Ni nini?"

"Ni ya mama yangu," nikamwambia. "Ni ile ile. Haikubadilika hata siku moja."

Akachukua kimoja, akachukua cha pili, cha tatu akakishika mkononi akienda nacho jikoni. "Ndiyo hii," akasema. Na yule mzee askari nikampelekea kipande na chai yake. Akatafuna akafunga macho, halafu akapiga meza. "Buti! Ile ladha ya siku ile! Ilikuwa ya buti, tulikuwa tunapaka kila asubuhi!" Hoteli nzima ikaanguka na kicheko, na safari hii na mimi nilicheka.

Nilimwambia kila mtu aliyekuwepo kwamba makosa ni ya kibao na ya aliyekinunua. Jina la Nuu nimelisafisha huku. Limebaki kusafishwa hapo kwako, na ndiyo sababu ninaandika.

Sasa Mwaitu, wacha nikuambie mengine, na ninayasema kwa heshima. Mtoto simleti. Sirudi nyumbani pia, na usimtume Kaka Mutua aje kunichukua, maana nitampa chai na nyama na atarudi peke yake. Kukosa nimekosa, na nimekuomba msamaha mbele ya Kalekye, na ukitaka nitauomba mbele ya kanisa. Lakini mtu aliyekosea kibao anabadilisha kibao, harudishi mtoto. Mueni analala mgongoni kwangu, anakula ninachokula, na sasa sipitishi kitu karibu naye bila kukinusa. Kulea ninaweza. Kukata nyama ninaweza. Kile siwezi ni kuikausha vile wewe unaikausha, na hata nikiweza watu hawa wanataka ya Nuu.

Kwa hivyo ninakuomba usiwauzie wale wanunuzi wa mifugo yule mbuzi dume mweusi. Najua wanapita huko wakiona jua limekuwa kali, na nimesikia kwa wasafiri kwamba hasira ilikufanya useme utauza mbuzi wote. Mpelekee Mzee Juma. Kata mikanda ya vidole viwili, chumvi ile ile, kuni zako za mgunga zile zile, wala usibadilishe kitu kwa sababu ya barua yangu mbaya. Kiondo cha nyama kikae kwa basi la Ijumaa mpaka Machakos, na dereva wa gari la mikate atakileta huku.

Ule mkanda ulikuwa wa mwisho, na Mama Zaituni ameniwekea meza mpaka Jumamosi ya wiki ijayo nyama iwe imefika. Mama Kioko ameshakuja kuipima na mkono, aone itatosha trei ngapi za mayai.

Nisalimie Mama Mkubwa Syombua, yule ambaye hukopesha jirani wote chumvi na hadai, mwambie goti lako alikande na mafuta moto. Msalimie Kaka Mutua, mwambie nilichosema juu yake nilisema kwa upendo. Msalimie Mzee Juma mchinjaji, mwambie huku wanamwamini bila kumwona. Pasta na bibi yake pia, na wale wanawake wa kwaya tulioimba nao. Na wewe Kalekye, ambaye umesoma yote haya na koo limekauka, asante, kunywa maji, na usinichekelee sana juu ya twiga.

Mwaitu, sitaki unijibu kwa barua. Ijumaa ya wiki ijayo nitasimama mahali mikate inashushwa. Nikiona kiondo, nitajua umenisamehe, na sitauliza zaidi. Nisipokiona, Jumamosi asubuhi nitamfunga mtoto mgongoni nije mwenyewe, nipige magoti hapo kwa mlango wa jikoni, uniseme vile unataka mpaka uchoke. Halafu utanionyesha kisu kiko wapi, tutatundika nyama pamoja, na ikikauka nitaibeba nirudi nayo kazini, hata nikikuta mayai mezani.

Ni mimi binti yako niliyekosa, na bado nina meza,

Mwende.